Mwiko wa Tatu

Kwa kazi, mimi ni mwashi.
Mwiko wangu wa chuma una kutu shingoni
na umejenga kuta nyingi za Las Ánimas,
nyingine zimesimama wima, nyingine Mungu anazijua.
Ijumaa jioni nasugua saruji kwenye kucha
kwa limau na brashi ya kufulia,
nashika mwiko mwingine, wa mti,
na mke wangu Nolfa anahama jikoni bila kuambiwa.

Hapa Valdivia Julai ni mvua,
mvua isiyojua hodi wala kwaheri.
Jiko la kuni linanguruma.
Mayai yako mezani yapate joto,
maana yai baridi ni kama mgeni mwenye haya,
halichanganyiki na wenzake.

Sikufundishwa na mtu.
Nilianza na Yasna, binti wa Ulises tunayebeba naye tofali,
alipotimiza miaka sita akataka keki ya kulungu.
Kikatoka kiatu.
Kiatu chenye masikio.
Mtoto akala masikio, akaagiza cha mwaka ujao.

Ulises alipomaliza mwaka bila pombe
nilimwokea ya machungwa, pasipo tone la ramu,
akaikumbatia kabla ya kuikata,
sukari ikabaki kwenye koti lake hadi Jumatatu, kazini.
Wananiambia: Abelardo, fungua duka, uuze!
Ukuta nalipwa kwa mita.
Keki nayo ukiilipia, itakuwa ukuta.

Basi Jumamosi iliyopita
dada yangu Eduvina alitimiza sabini.
Miaka minne hatujasemezana:
nyumba ya baba, nani auze, nani abaki.
Kwangu kumtaja jina ni mwiko,
mwiko wa tatu, na huu hauna mpini wa kushikia.

Hakuniagiza. Hakuna aliyeniagiza.
Nilisukuma unga hadi nikaiona meza kupitia kwake,
tabaka kumi na nane,
na kati ya tabaka na tabaka, maziwa na sukari
niliyokoroga saa tatu
mpaka yakawa na rangi ya tofali lililoiva.
Nikapaka kama nipakavyo lipu,
kingo kwanza, halafu katikati, mkono usisite.
Nikaweka pima maji juu yake.
Kiputo kikatulia katikati.
Nolfa alichungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Darajani mbwa akakatiza, nikakanyaga breki.
Nilipofika, keki ilikuwa imelala kushoto
kama mlevi mwenye siri ya kukunong'oneza.

Eduvina alifungua mlango, taulo kichwani.
Akanitazama. Akaitazama.
Mvua ikazungumza kwa niaba yetu.
"Imepinda," akasema.
"Imepinda."
"Kama ule ukuta wa nyuma, kwa baba."
"Ule alijenga baba. Mimi nilibeba maji tu."
Hakucheka. Ila alisogea,
mlango ukapata upana wa mtu mmoja na sinia.

Alikata upande ulioegemea, eti usije ukaanguka.
Tulikula tumesimama,
vipande vikavunjika kama majani makavu
vikamwagikia kifuani pake, hakuvipangusa.
Habari ya nyumba haikutajwa.
Aliuliza maziwa nimekoroga muda gani.
"Saa tatu."
"Mama alikuwa anakoroga mbili."
"Najua."
Akajikatia kipande cha pili,
kidogo, cha mtu asiyetaka kuonekana anapenda.

Leo asubuhi sinia limerudi.
Limeoshwa, limeachwa kizingitini, halina barua,
lina mayai saba,
moja bado limegandwa na unyoya.
Nolfa anauliza, ya nani tena hii?
Sijui, namwambia.
Nimeyaweka mezani yapate joto.