Nambari 41,306

Saa nne kamili asubuhi walifungua mlango
usio na bawaba wala kitasa,
na kioo cha kompyuta kikanitajia cheo changu:
wewe ni wa elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.
Tafadhali usiufunge ukurasa.
Nikaweka mikono mapajani, kama mtoto kanisani.

Nje, mahindi yamekwisha vunwa,
Iowa yote imenyolewa upara.
Ardith ameegemea friji, kavaa soksi zangu,
anauliza, "Tumefika wapi?"
kana kwamba tuko safarini.
"Elfu thelathini na tisa."
"Kuna choo huko?"

Subira huvuta heri, husema wenye subira.
Yangu ilivuta kiduara cha buluu
kilichojizungusha, kikajizungusha,
kama mbwa anayetafuta pa kulala
asilale.

Mchezo wenyewe ni ule mmoja, wa mwisho wa Novemba:
chuo chetu na wale wa ng'ambo ya mto,
ambao hatujawafunga tangu Corwin wetu
ang'oke jino la kwanza,
na sasa Corwin ana ndevu na deni la nyumba.
Ardith alipuliza tuba uwanjani pale, msichana wa miaka kumi na tisa,
midomo ikaganda kwenye shaba,
na hata leo akiusikia wimbo wa chuo redioni
mashavu yake hujaa hewa bila yeye kujua.
Mimi ni fundi wa tanuru za kupashia nyumba joto.
Asubuhi ile wateja watatu walipiga simu, wanatetemeka.
Niliwaambia vaeni makoti.

Elfu kumi na mbili.
Elfu nane.
Mia sita na kidogo.
Nikasimama, hatua nne tu, hadi kwenye birika,
na niliporudi kioo kilikuwa kimeniuliza, "Bado upo?"
kikangoja dakika moja,
kikampa mwingine.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Ardith hakusema neno.
Alinipokonya kikombe akainywa yeye ile kahawa,
yote, hadi machicha.

Kufika adhuhuri, viti vilevile
viliibuka kwa walanguzi, viwili kwa bei ya tanuru jipya,
na najua bei ya tanuru.

Basi wiki tatu za kuombaomba.
Nilimtengenezea bomba binamu nisiyempenda.
Nilisifia picha za wajukuu wa watu.
Mwishowe daktari wa meno, mzee Haverkamp,
goti lake likakataa ngazi, akaniachia tiketi yake moja:
upande wa magharibi, safu ya kumi na mbili.
Ya pili tuliinunua nyuma ya kituo cha mafuta
kwa kijana asiyevua kofia ya jaketi,
tukazihesabu noti kwa tochi ya simu kama wezi wa kuku.
Upande wa mashariki. Safu ya sabini.
Katikati ya wale wa ng'ambo.

"Nipe mimi huko," Ardith akasema.
"Nitavaa kofia yako ya kuwindia, ile ya rangi ya chungwa.
Hutanikosa."

Hakuna kati yetu aliyekumbuka
rangi ya wale wa ng'ambo ni ipi.

Jumamosi, watu elfu themanini, mtandao umekufa.
Theluji nyembamba, ya kupepetwa.
Mbele yangu walianguka na kuinuka wavulana wenye helmeti,
mpira wa umbo la yai ukapita mara kadhaa,
nasikia ulikuwa mchezo mzuri.
Mimi nilikuwa nakodolea macho ukuta wa machungwa,
kofia kwa kofia, safu kwa safu,
nimekodisha darubini kwa mtoto wa jirani, dola tano.
Tulifungwa, bila shaka.

Lakini kabla ya hapo, bendi iliposhika wimbo wa chuo,
nikasimama juu ya kiti cha Haverkamp
nikaupungia mkono upande mzima wa mashariki.

Watu kama arobaini hivi wakanipungia.