Daftari la Alhamisi

Alhamisi, saa kumi, kwaya ikishatawanyika,
twaketi chumba cha nyuma kanisani, penye viti vya harusi,
mimi, Shemasi Mwaringa, na Mama Dhahabu asiye na haraka.
Daftari ni la mraba, lile la hesabu za shule.
Safu ya kwanza jina. Ya pili kodi. Ya tatu stima.
Ya nne i wazi; hatukuafikiana tuipe kichwa gani.

Mwezi wa tano hoteli za Malindi hufunga.
Vitanda hufunikwa shuka,
na huku Muyeye watu huanza kupika mapema,
moto uzimwe kabla watoto wa jirani hawajanusa.

Thoya aliingia amechomekea shati.
Miaka kumi na mmoja amewabebea Waitaliano sahani;
kuomba radhi kwa lugha yao anajua, kwa adabu zote,
ila kwa lugha yake ulimi uligoma.
Akataja mvua. Akataja mtoto wa dadake. Akataja bei ya unga.
Shemasi akafungua mdomo aulize habari za zaka;
Mama Dhahabu akamkanyaga, polepole, chini ya meza.
"Miezi mingapi?"
Vidole viwili vikainuka juu ya goti,
kama vya mwanafunzi asiyetaka mwalimu amwone.

Sidi wa Barani haji, miguu imemvimba.
Tokeni yake namsomea kwa simu, tarakimu ishirini,
nne nne, tulivyozoeana:
Saba sifuri nne mbili.
*Saba sifuri nne mbili.*
Moja moja tisa tatu.
*Moja moja tisa tatu.*
Mwishoni hasemi amina. Husema, "Ngoja."
Nasikia slipa, kiti kikiburutwa, pumzi,
kisha friji lenye sindano zake za sukari
likinguruma.
Ndipo tunakata simu, hatuagani.

Sasa, kuna noti ya elfu yenye selotepu pembeni.
Niliitia mwenyewe katika bahasha ya Thoya.
Thoya akampa mwenye nyumba, Bwana Chengo, wa benchi la mbele.
Jumapili nikaikuta kapuni.
Nikaitoa tena, kwa Jumwa mshonaji, mpangaji wa ploti ile ile.
Jumapili ikarudi, selotepu na yote.
Nikaihesabu kwa hasira. Nikajiambia:
huyu anatutolea mate yetu wenyewe
nasi twamwitikia Haleluya.
Maneno nikayapanga wiki nzima, makali,
nikayanoa nikiosha vyombo.

Alhamisi mlango ukabishwa.
Bwana Chengo, amechomekea shati.
Akasimama akitazama viti vya harusi
kana kwamba amekuja kukodi.
Akataja mabati. Akataja benki, barua mbili zenye mhuri.
Akataja kwamba ploti nane, wanaolipa ni watatu,
"na hao watatu," akasema, "mnawalipia nyinyi."
Shemasi akanitazama. Nami nikatazama kalamu.
Maneno yangu makali yalikuwa wapi? Sijui.
Mama Dhahabu akamvutia kiti.
"Miezi mingapi?"

Mkono wake ulikuwa bado chini ya meza
simu yangu ilipolia. Sidi.
"Imekataa," akasema. "Tarakimu moja umeniruka."
Nikaomba radhi, nikageuza ukurasa,
na mbele yao wote nikaanza upya:
Saba.
Sifuri.