Weupe Huanzia Wapi

Chupa tatu za tope nimezihifadhi
kwenye friza la Bi Asaa, muuza barafu za ukwaju.
Nimeandika kwa wino mzito: SI ZA KULIWA.
Mjukuu wake kauliza, mbona moja ina rangi ya ubuyu?

Jumanne umeme ulikatika, Micheweni nzima.
Alfajiri tope langu lilikuwa uji,
na wale nisiowaona kwa macho,
niliowachimba kwa magoti bamvua iliyopita,
walikuwa wamekula, wamezaa, wamekufa,
wamebadili ukoo
bila kunisubiri.

Ndiyo maana barua ya kwanza ilinitia wazimu.
Chuo cha kaskazini, mji wa theluji:
majokofu ya nyuzi themanini chini ya sifuri,
jenereta mbili, na ya tatu ya kuzilinda hizo mbili,
mashine inayosoma vinasaba usiku kucha
kama hafidhi anayekaribia kukhitimu.
Posho kamili. Nauli. Hata koti.
Kaka yangu Faki akapiga hesabu kwa shilingi,
akanyamaza,
akapiga tena.

Ya pili ilitoka ng'ambo ya mkondo tu, bara.
Msimamizi ana wanafunzi kumi na tisa
na simu isiyopokelewa.

Ya tatu nusura niifute.
Chuo kidogo, mji nilioutafuta mara mbili kwenye ramani.
Ufadhili nusu. Darubini ya kuazimana na watu wa kilimo.
Lakini chini kabisa, baada ya salamu na sahihi,
profesa yule aliongeza mstari:
Mwani wenu unapougua na kugeuka mweupe,
weupe huanzia wapi, nchani au shinani?

Miaka minne nimesoma, nimefaulu.
Sikujua.

Nikamfuata mama shambani, maji yakimfika magotini,
yuko kamba ya ishirini na mbili.
Hakuinua kichwa.
"Si nchani, si shinani.
Huanzia pale taitai inapobana.
Kwani hawakukufunzeni?"

Nikaliandika jawabu kama lilivyo,
na jina la mwenyewe, kamili: Mize Shaame Makame.
Usiku uleule likarudi neno:
Na akiilegeza, je?

Basi kamba tano sasa zina fundo legevu,
tumezitia utepe mwekundu wa mfuko wa mkate.
Mama huzipitia mwanzo kabla ya zote,
ingawa anasema hajali.

Kaskazini walitaka jibu kabla ya Ijumaa.
Nimeandika "nashukuru, lakini" mara sita,
mara ya saba nikalituma, tumbo likinikata.
Faki hajasema nami tangu juzi.
Nusu ya ada bado haina mwenyewe,
na huenda nimekosea; zile jenereta
naziota.

Bi Asaa anataka friza lake, Ramadhani imekaribia,
barafu ndiyo chumo lake la mwaka.
Nimemwomba aniachie nusu ya rafu.
Nusu, nimemwambia, naizoea.