Mkwaju Unalala Wapi

Saa nane usiku, Ngara, ghorofa ya tano.
Feni ya kompyuta inavuma kama nyuki ndani ya debe,
nami nafunga kifurushi mara ya kumi na moja.

Programu ni moja: daftari la dawa,
linalojua vidonge vingapi vimebaki
na chupa ipi itakwisha muda Ijumaa.
Moja tu. Ila milango ni mitatu,
na kila mlango una namna yake ya kuitikia hodi.

Kwenye Windows mkwaju unalala nyuma,
kwenye Linux unalala mbele;
nilikosea mmoja,
na duka zima la Bi Kwamboka, Kariobangi,
likaambiwa halipo.
Akanipigia: "Mumbua, panadol naiona kwa macho,
mashine yako inakataa."
Nikamjibu lile jibu letu la aibu:
"Kwangu inafanya kazi."
"Basi wateja niwalete kwako?"

Linux inashikilia kwamba Dawa si dawa,
herufi kubwa ni mtu mwingine, mwenye nyumba yake.
Windows inasema, aa, ni yule yule.
Siku mbili nimesaka faili
kwa kuwa Otenyo aliliandika kwa D kubwa,
kwa heshima, alisema.

Na mwisho wa mstari!
Huku alama moja isiyoonekana, kule mbili.
Ningejuaje
kwamba hata kunyamaza kuna lahaja?

Mac ndiyo askari wa geti la Lavington:
Wewe nani? Nani anakufahamu? Kitambulisho?
Nacho kitambulisho kinalipiwa kwa dola, kila mwaka,
hata kama mzigo wako ni orodha ya dawa za minyoo.

Kumi na moja na nusu. Mashine tatu mezani,
moja ya kuazima, irudi kwa mwenyewe kabla hajaenda kanisani.
Nabofya. Nabofya. Nabofya.
Panadol: mia mbili na kumi na nne.
Panadol: mia mbili na kumi na nne.
Ya tatu inafikiri kwanza,
inafikiri sana,
mia mbili na kumi na nne.
Chai imeota utando. Nainywa hivyo hivyo.

Simu inatetemeka juu ya karatasi.
"Mumbua, umeamka? Nimepata kompyuta nyingine, mtumba,
bei ya kutupa. Inawaka vizuri.
Hapa chini imeandikwa biti thelathini na mbili.
Hiyo ni shida?"