Kope za Somoe

Alizaliwa saa tisa usiku, Kitangari.
Mkunga akainua taa, akasema: huyu analala tu.
Siku ya saba, bado analala.
Siku ya arobaini nikagundua ananyonya
huku ananitafuta kwa kidevu.

Kwa kidevu, ndiyo. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuona:
shingo nyuma, kidevu juu, paji la uso limekunjamana
kama la karani wa ghala hesabu ya korosho ikigoma.
Watu wakasema mtoto wa Chinduli ana maringo,
anatazama wenzake kana kwamba wamesimama shimoni.
Mwalimu akamchapa rula kwa kusinzia darasani.
Hakusinzia. Alikuwa anasoma ubao
kwa upenyo mwembamba kama wa chini ya mlango.

Jioni nilikuwa namwinulia mwenyewe.
Nimetoka kubangua, nanawa mara tatu,
maana mafuta ya ganda hayana huruma na ngozi,
ndipo nishike kope, kidole gumba huku, kidole gumba kule:
Tazama.
Na yeye: Mama, kumbe una kovu hapa.

Ndanda, daktari naye alitoa rula.
Akampima, akaandika, akasema msuli wa kuinua kope
haukuumbika sawasawa tangu tumboni.
Si uchawi. Wala si kitu ulichokula.
Sikuwa nimemuuliza.
Nilikuwa nimelikalia swali hilo miaka saba.

Atatoa uzi wa nyama pajani, aupitishe chini ya ngozi,
afunge kope kwenye misuli ya paji la uso,
“maana paji lake,” alisema, “limeshafanya mazoezi.”
Nikatia saini. Jina langu likatoka limepinda.

Bandeji zilipofunguliwa hakulia, hakucheka.
Akatazama feni. Akatazama dirisha.
Akashusha kidevu polepole,
kama mtu anayetua ndoo asimwage,
akauliza mbona nimekonda.

Usiku sasa una kazi yake. Kope hazifungi zote;
nilionywa. Nawasha tochi ya simu, napaka marhamu
kwenye ule mstari mweupe unaobaki wazi.
Zamani alikuwa macho, wakamwita msinziaji.
Leo anakoroma kabisa, na ananitazama.

Asubuhi nikimwita, bado anainua kidevu kwanza.
Halafu anakumbuka.