Mrija wa Kushoto

Mavyaa, uliniuliza mbele ya watu, kwenye matanga kule Ediofe,
unga wa muhogo ungali umenishika mikononi:
"Mwaka wa sita huu. Hilo tumbo lina nini?"
Niliendelea kusonga enyasa.
Leo nakujibu. Lina maji.

Si maji ya Enyau. Si yale ya mganga wa Terego
niliyoogeshwa usiku kwa jogoo mwekundu na shilingi elfu hamsini.
Ni kijiko kimoja, daktari alisema, labda hakijai,
kimefungiwa ndani ya mrija
mwembamba kuliko ule wa kunywea soda.

Nililala juu ya meza ya eksirei, baridi ikanipanda mgongoni.
Sista Driwaru alinishika kidole gumba cha mguu, hicho tu,
akasema, "Kohoa."
Nikakohoa. Dawa ikapanda.
Kwenye picha dawa ni nyeupe.
Kulia ilipita, ikatoka upande wa pili kama moshi wa sigara.
Kushoto ilikwenda, ikaenda, ikavimba, ikasimama.
"Hapa," daktari akaweka ncha ya kalamu,
"palikuwa na vidole vidogo vya kulipokea yai.
Vimegandana. Mlango umejifunga,
na maji hayana pa kutokea."

Mwanao Afeku ni fundi bomba, nani asiyejua.
Aliikodolea ile picha kama anavyokodolea sinki za watu.
Akauliza: hauwezi kuzibuliwa?
Waya mwembamba, presha kidogo?
Daktari hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.
Alisema: huu umeshaharibika, ukizibuliwa
mara nyingi hujifunga tena;
na maji yake hurudi nyuma, tone kwa tone,
hulowesha kitanda cha mtoto
kabla hajawa mtoto.
Afadhali tuutoe.
Afeku akaikunja rula yake, akaitia mfukoni.
Sijui aliitoa saa ngapi.

Kisha yakaja maswali ambayo wewe, mavyaa, hukuuliza.
Homa ile ya mwaka wa harusi,
kinena kikiniwaka hata kuketi nashindwa,
nilimeza nini?
Panadoli. Nawe ulisema ndio uke huo,
bibi arusi halalamiki.
Naye bwana, mkojo ulimchoma lini?

Chumbani tulibaki watatu na feni.
Afeku alitazama viatu vyake, simenti imekaukia kwenye kamba.
"Kabla ya kumwoa," akasema. "Nilinunua vidonge dukani.
Nilipona. Nikanyamaza."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
na nguo tulikuwa tukivua sote wawili.

Sikuletei haya ili umgombeze. Nimeshamgombeza,
siku tatu, kisha nikachoka, kisha tukala.
Nakuletea jina la ugonjwa
kwa sababu ugonjwa usio na jina
mliuita kwa jina langu.
Ayikoru. Furaha. Baba yangu alilichagua akicheka,
nawe hulitamka kama mtu aumwaye jino.

Jumanne nitapasuliwa. Wa kushoto utatoka.
Wa kulia utabaki, na hakuna aliyeniahidi kitu:
sista alisema "huenda", daktari akasema "tutaona",
nami nimeyakunja maneno hayo mawili
pamoja na karatasi ya damu na risiti.
Nikizaa, nitazaa. Nisipozaa,
hutaniuliza tena mbele ya sufuria.

Lakini sikukuitia hayo peke yake.
Bintiyo Letiru, juzi pale bombani,
nilimwona ameinama, mkono kwenye kinena,
dumu limejaa na maji yanamwagika naye hayaoni.
Nikamuuliza. Akasema si kitu, mama anajua.

Mavyaa, unajua?

Mpeleke kesho, kabla foleni haijawa ndefu.
Aseme yote, na aliye naye apimwe pia.
Nauli hii hapa.