Bado ni Mbegu

Duka langu la kutoa kopi, hapa Uyole njia panda,
lina mashine moja, feni isiyo na kazi Julai yote,
na kompyuta inayowaka kwa kubembelezwa.
Usiku nikishafunga najaza timu ya taifa
kwenye kamusi elezo, ile ya mtandaoni, isiyo na mwenyewe.
Si soka. Soka ina watu wake.
Mimi najaza wale wa besiboli,
kumi na wanane walioondoka na magongo manne
wakarudi na matatu,
na hakuna aliyeuliza.

Kumi na saba nimewamaliza.
Wa mwisho ni Asajile Mwashitete, mrushaji,
mkono wa kushoto,
aliyejifunza shabaha shambani kwao
kwa kutupia kunguru viazi vibovu.
Niliandika hivyo hivyo.
Asubuhi mtu nisiyemjua, wa mji nisioujua,
kafuta kunguru, kafuta viazi,
kaacha maneno mawili yameinama:
chanzo kinahitajika.

Nikavuka barabara kwenda kwa chanzo.
Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo.
Mama Sekela, Asajile alizaliwa lini?
Mwaka ule baridi iliunguza viazi, akasema,
tukala majani ya maboga hadi Pasaka.
Sekela alikuwa anaota meno.
Tarehe? Ilikuwa siku ya mnada.

Kisanduku cha tarehe hakipokei mnada.

Basi njoo, akasema, tukaingia jikoni.
Nyuma ya masufuria, gazeti,
limegandishwa kwa uji wa ngano kuzuia upepo.
Moshi umekula ligi kuu nzima,
umekula tangazo la matrekta na nusu ya waziri,
umebakiza aya moja, ya rangi ya chai:
mrushaji A. Mwashilete aliwatoa wapigaji sita mfululizo.

Mwashilete.
Herufi moja tu imekosea njia.
Mama Sekela hajui kusoma. Miaka tisa
anasonga ugali mbele ya mwanawe
mwenye ukoo wa watu wengine.
Akanigeukia: Wanasemaje?
Nikamsomea polepole, nikasoma
Mwashitete.

Asajile yuko Tunduma, anapakia saruji.
Nilimpigia, akacheka hadi salio likakaribia kukata.
Dada Lusubilo, weka tu kwamba nilikuwepo.

Kuwepo nako kunahitaji chanzo.

Nikapiga picha ukuta kwa tochi ya simu.
Nikaandika sentensi mbili na nusu,
jina kama alivyoitwa kwao,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo: gazeti limekosea.
Mpaka leo hakuna aliyelifuta. Labda wamelala.
Mtambo wenyewe ukaongeza mstari wake:
Makala hii bado ni mbegu.

Nikamtolea kopi, nyeusi na nyeupe, wino ulikuwa unaisha.
Nikamsomea yote. Ilikuwa fupi kuliko salamu zake.
Hapo mwisho umesema nini?
Nimesema ni mbegu, mama.
Mbegu?
Akaikunja mara mbili, akaichomeka darini,
juu ya mafiga, katikati ya magunzi.
Nikataka kumwambia moshi utaila.
Mahindi ya kupanda msimu ujao
yalikuwa yananing'inia pale pale, meusi tii,
bila tundu hata moja la mdudu.
Nikanyamaza.